Kuigeuza saketi ngumu iwe betri moja na rezista moja

Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa wa Kibirizi hawaingii ziwani. Dagaa hufuata mwanga, na mbalamwezi ikitanda kila mahali hawana sababu ya kuifuata taa ya mtumbwini. Siku hizo za mapumziko ndizo betri, nyaya na taa zao zinapoletwa kwetu mafundi wa Kigoma, na katika siku hizo ndipo nilipofanya kosa lililonilazimisha kurudia hesabu nilizodhani nimeziacha darasani.

Mzee mmoja aliingia na betri, waya wake wa mita sita na balbu moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fundi, hii betri imechoka. Taa zinawaka kama vibatari."

Nikaunganisha kila kitu kama kinavyokaa mtumbwini, nikagusisha mita kwenye ncha za taa. Kabla ya kuwasha nilisoma volti 12.6. Nilipowasha ikashuka hadi 11.4. Nikamwambia betri inakata pumzi ikibebeshwa mzigo, nikamuuzia nyingine. Giza liliporudi alikwenda ziwani, na asubuhi yake alikuwa mlangoni kwangu kabla sijafagia.

"Mwanangu, betri mpya, vibatari ni vilevile."

Nilimrudishia pesa yake na kumkabidhi betri yake ya zamani, nzima kabisa. Namba nilizosoma zilikuwa sahihi. Aliyezisoma vibaya ni mimi, maana nilipima mwisho wa waya halafu nikahukumu betri. Kanuni ambayo ingeniokoa inaitwa kanuni ya Thévenin, nayo inafanyika kwa mita ya kawaida na kalamu.

Wazo lenyewe

Chukua saketi yoyote iliyojengwa kwa betri na rezista (vipande vinavyoukinza mkondo), hata ziwe ishirini zimefungamana kama wavu uliokunjwa vibaya. Toa nyaya mbili nje, kisha ifunike saketi yote kwa ndoo. Mtu aliyeshika ncha za zile nyaya mbili, apime apendavyo, hawezi kutofautisha kilichomo ndani ya ndoo na betri moja iliyofuatana na rezista moja. Betri hiyo ya kufikirika tunaiita volti ya Thévenin, na ile rezista tunaiita ukinzani wa Thévenin.

Léon Charles Thévenin alikuwa mhandisi wa telegrafu nchini Ufaransa, na alichapisha kanuni hii mwaka 1883. Mjerumani Hermann von Helmholtz alikuwa ameifikia tangu 1853 akishughulika na umeme wa miili ya wanyama, lakini jina likabaki kwa mtu wa telegrafu. Sishangai. Mtu mwenye waya mrefu na betri upande wa pili ndiye mwenye shida hii kila siku, awe Mfaransa wa karne ile au mvuvi wa Kibirizi.

Kabla hujaanza uwe na mambo matatu kichwani. Kanuni ya Ohm ya 1827: volti ni mkondo (kwa ampea) mara ukinzani (kwa omu). Kanuni mbili za Kirchhoff za 1845: mkondo unaoingia kwenye maungio ni sawa na unaotoka, na ukizunguka njia iliyofunga mpaka ulipoanzia, volti zinazopanda na zinazoshuka zinafutana. La tatu ni rezista mbili zilizowekwa sambamba: zidisha moja kwa nyingine, ugawe kwa jumla yao. Hayo yakikaa sawa, mengine yote humu ni kuyatumia tu.

Unachohitaji mezani

Mita ya kidijitali, hata ile ya bei ndogo. Klipu mbili imara. Balbu ya taa kubwa ya gari ya volti 12 na wati 55, kwa sababu inavuta mkondo wa kutosha kuuonyesha ubovu. Mita ya kubana waya ukiwa nayo ni bora zaidi. Ukipima mkondo kwa mita ya kawaida, hamishia waya mwekundu kwenye tundu la ampea 10, pima kwa sekunde chache, kisha rudisha mahali pake papo hapo. Ukisahau ukaenda kupima volti waya ukiwa kwenye tundu la ampea, umepiga shoti, na ukibahatika itakatika fyuzi tu.

Fanya mazoezi yote haya kwenye volti 12. Umeme wa nyumbani wa volti 230 una kanuni zilezile, ila hausamehi, na kazi ya nyaya za nyumba ni ya mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Hatua ya kwanza: chagua ncha mbili

Hapa ndipo nilipoteleza, kwa hiyo usipite haraka. Kanuni ya Thévenin haina jibu moja kwa saketi nzima. Ina jibu kwa ncha mbili ulizozichagua. Ukichagua vichwa vya betri, unaipima betri. Ukichagua mwisho wa waya, unapima betri, waya, klipu, swichi na kila kiungo cha njiani, vyote vikiwa vimejikusanya kwenye rezista moja. Andika kwenye daftari ni ncha zipi kabla hujagusa mita.

Hatua ya pili: pima bila mzigo

Tenganisha taa, kisha soma volti kwenye ncha ulizochagua. Hiyo ndiyo volti ya Thévenin, imekwisha. Kama betri imetoka kwenye chaji muda si mrefu, iache ipumzike saa kadhaa kwanza, maana betri iliyotoka kwenye chaji huonyesha volti za majivuno ambazo haina.

Kwa mzee wetu: 12.6.

Hatua ya tatu: pima ikiwa na mzigo

Rudisha taa, iache iwake kama dakika moja, kisha soma volti kwenye ncha zilezile pamoja na mkondo unaopita. Kwa mzee wetu: volti 11.4 na ampea 4.4.

Kama huna njia ya kupima mkondo, tumia rezista kubwa unayoijua thamani yake, kwa mfano ya omu 10 iliyo ya wati 25 au zaidi. Gawanya volti uliyosoma kwa omu zake, upate mkondo. Usiishike kwa mkono baada ya hapo. Itakuwa inatoa karibu wati 15 za joto, na kidole hakiulizi kanuni.

Hatua ya nne: piga hesabu

Ukinzani wa Thévenin ni volti iliyopotea ukigawanya kwa mkondo. Volti 12.6 ukitoa 11.4 ni 1.2. Gawanya kwa 4.4, unapata omu 0.27 hivi.

Kwa hiyo kila kilichokuwa upande wa pili wa taa, yaani betri yenye seli sita, asidi, klipu na waya wa mita sita, kimegeuka kuwa kitu kimoja: betri ya volti 12.6 yenye rezista ya omu 0.27 mbele yake. Sasa unaweza kutabiri jambo ambalo hukulipima. Nilipomuuliza mzee zaidi, akaniambia ziwani haendi na taa moja, anawasha tatu kwa pamoja. Kila balbu ilikuwa kama omu 2.6 (11.4 kugawa kwa 4.4). Tatu zikiwa sambamba ni omu 0.87 (2.6 kugawa kwa 3). Volti zinazozifikia ni 12.6 mara 0.87, ukigawa kwa jumla ya 0.87 na 0.27, yaani 9.6.

Volti 9.6 kwenye balbu ya 12! Tena mwanga wa balbu ya nyuzi huanguka haraka kuliko volti zake: ikipungukiwa asilimia 10 ya volti, hupoteza takriban asilimia 30 ya mwanga. Ikifika 9.6 haibaki hata na nusu. Vile vibatari vya mzee vilikuwa vimejificha ndani ya hesabu ya mistari miwili ambayo sikuipiga. Kwa ukweli hali ziwani ilikuwa mbaya kidogo kuliko hiyo, kwa sababu uzi wa balbu ukipoa ukinzani wake hupungua na mkondo unaongezeka. Lakini kwa kuamua ununue betri au ubadilishe waya, hesabu hii inatosha na kubaki.

Hatua ya tano: gawa lawama

Omu 0.27 ni ya nani? Taa ikiwa inawaka, tembeza mita kipande kwa kipande. Kwenye vichwa vya betri volti zilishuka kutoka 12.6 hadi 12.5, yaani betri ilikula 0.1 tu. Gawa kwa 4.4, betri ina omu 0.023. Kisha nikaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha betri na nyingine kwenye shaba ya waya, upande wa pili wa klipu. Klipu zote mbili kwa pamoja zilikula 0.2. Zilikuwa na ule ukoga wa kijani unaoota mahali shaba, asidi na unyevu vinapokutana. Zilizobaki, 0.9, zililiwa na waya.

Waya ulikuwa na unene wa milimita moja ya mraba. Shaba ya unene huo ina omu 0.0172 kwa kila mita. Mita sita kwenda na sita kurudi ni 12, na wengi husahau ile ya kurudi. Zidisha, unapata omu 0.206, ambayo ikipitisha ampea 4.4 inakula volti 0.9. Hesabu na mita vimesema neno moja, na hapo ndipo fundi anaweza kulala.

Mzee alinunua waya wa milimita nne za mraba, tukasugua klipu kwa msasa na kuzipaka grisi. Waya huo mpya una omu 0.052 tu kwa mita zilezile 12. Jumla ya ukinzani wa Thévenin ikashuka kutoka 0.27 hadi karibu 0.085, na taa tatu zikapata volti 11.5. Betri ni ileile niliyokuwa nimeihukumu.

Ukiwa na mchoro badala ya saketi

Wakati mwingine saketi bado iko kwenye karatasi na hakuna cha kupima. Volti ya Thévenin unaipata vilevile: ondoa mzigo, kokotoa volti kwenye zile ncha mbili. Ukinzani unapatikana kwa kuvizima vyanzo vyote. Kuzima chanzo cha volti ni kukitoa na kuweka waya mtupu mahali pake. Kuzima chanzo cha mkondo, yaani kile kinachosukuma ampea zilezile daima, ni kukitoa na kuacha pengo. Kisha unasimama kwenye zile ncha, unatazama ndani na kujumlisha rezista unazoziona.

Kijana mmoja wa mtaa wa Mwanga hapa Kigoma aliniletea redio ya volti 6 aliyotaka kuiendesha kwa betri ya 12. Alichukua rezista mbili za omu 100, akazifunga mfululizo kwenye betri, akatoa nyaya kwenye rezista ya chini. Akapima, akapata 6 kamili. Akafunga redio, ikakoroma kidogo na kunyamaza. Akaniambia redio ni mbovu.

Tuifunike kwa ndoo. Bila redio ncha zina volti 6. Zima betri, yaani weka waya mahali pake: ukitazama kutoka kwenye ncha, rezista mbili za 100 zimekuwa sambamba, kwa hiyo ni omu 50. Redio yake ilihitaji miliampea 60. Ampea 0.06 mara 50 ni volti 3 zinazobaki njiani, na redio inapata 3. Hakuna redio mbovu hapo.

Tena rezista zake zilikuwa za robo wati. Hata kabla ya redio kila moja ilikuwa inachoma wati 0.36. Baada ya redio ile ya juu ikawa na volti 9 juu yake, na hiyo ni wati 0.81. Ilinuka mpaka kwa jirani. Akishusha rezista ziwe ndogo, volti zitatulia zaidi, ila zitachoma umeme mwingi kuliko redio yenyewe. Kwa kazi kama hiyo nunua kigeuzi kidogo cha kushusha volti, au hata kile cha chaja ya simu ya gari kama kifaa chako ni cha volti 5. Rezista mbili zifae kupimia, zisifae kulisha.

Na hata kupimia kuna mtego. Mita nayo ni mzigo. Funga rezista mbili za omu milioni moja kwenye volti 12. Katikati panatakiwa volti 6, na ukinzani wa Thévenin hapo ni omu laki tano. Mita ya kidijitali yenye omu milioni 10 itakusomea 5.7. Mita ya mshale ya bei rahisi yenye omu 2,000 kwa kila volti, ukiiweka kwenye kipimo cha 10, ina omu 20,000 tu, nayo itakusomea volti 0.23. Ukiona kipimo cha ajabu kwenye saketi yenye rezista kubwa, ishuku mita yako kabla ya saketi.

Norton, kwa kifupi

Mwaka 1926 Edward Norton, mhandisi wa Bell Labs Marekani, na Hans Ferdinand Mayer wa Siemens Ujerumani walionyesha, kila mtu kwake, sura ya pili ya jambo hilohilo: badala ya betri iliyofuatana na rezista, unaweza kuweka chanzo cha mkondo kilicho sambamba na rezista ileile. Mkondo huo ni ule ambao ungepita kama ungeziunganisha ncha zenyewe kwa zenyewe. Kuupata ni kugawa volti ya Thévenin kwa ukinzani wake. Kwa waya wa zamani wa mzee ni 12.6 kugawa kwa 0.27, kama ampea 47.

Vitabu vingine husema "pima mkondo wa shoti." Kwa betri, USIPIME. Kwenye vichwa vya ile betri hesabu inatoa 12.6 kugawa kwa 0.023, karibu ampea 550. Nina spana namba 13 yenye shimo ubavuni kwa sababu siku moja ilianguka ikalala juu ya vichwa vyote viwili. Huo mkondo ukokotoe kwenye karatasi.

Betri mbili zikikutana

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote: "Fundi, nina betri kuukuu na mpya, niziunganishe sambamba zisaidiane?" Jibu langu ni hapana, na kanuni ya kupachanisha inaonyesha kwa nini. Inasema hivi: kama saketi ina vyanzo viwili au zaidi, washa kimoja na uzime vingine, kokotoa, kisha washa kinachofuata, kokotoa, mwishowe jumlisha majibu.

Tuseme mpya ina volti 12.7 na ukinzani wa ndani wa omu 0.02. Kuukuu ina 11.9 na omu 0.1. Mzigo wa taa ni omu 1.2.

Washa mpya peke yake. Kuukuu imezimwa, lakini ukinzani wake wa ndani unabaki pale. Kuutoa pamoja na betri ndilo kosa linaloharibu hesabu za wanafunzi wengi. Omu 0.1 sambamba na 1.2 ni 0.0923. Volti kwenye taa ni 12.7 mara 0.0923 kugawa kwa 0.1123, sawa na 10.44.

Washa kuukuu peke yake. Omu 0.02 sambamba na 1.2 ni 0.0197. Volti ni 11.9 mara 0.0197 kugawa kwa 0.1197, sawa na 1.96.

Jumla ni volti 12.4, au 12.394 kwa asiyependa kukadiria.

Sasa rudi kwenye kila betri uulize inatoa nini. Mpya: 12.7 ukitoa 12.394, gawa kwa 0.02, inatoa ampea 15.3. Taa zinakula 12.394 kugawa kwa 1.2, ampea 10.3. Zile 5 zilizobaki zimekwenda wapi? Kuukuu: 11.9 ukitoa 12.394 ni pungufu ya sifuri, gawa kwa 0.1, unapata hasi 4.9. Alama ya hasi maana yake mkondo unaingia. Taa zikiwa zinawaka, katikati ya ziwa, betri kuukuu haisaidii hata kidogo. Inainyonya mpya karibu ampea 5, na taa zikizimwa ndiyo zaidi: tofauti ya volti 0.8 kugawa kwa jumla ya omu 0.12 ni ampea 6.7, zinazokwenda bure usiku kucha.

Hii ni picha ya dakika ile. Kuukuu ikiendelea kupokea chaji volti zake hupanda na mnyonyo hupungua, kama bado inashika chaji. Kama haishiki, unajua mwenyewe.

Kwa betri zilizo sambamba ipo njia ya mkato, kanuni ya Millman. Gawa volti ya kila betri kwa ukinzani wake, jumlisha. Kisha jumlisha moja-kugawa-kwa-omu za kila kitu, pamoja na mzigo. Gawa jumla ya kwanza kwa ya pili: 754 kugawa kwa 60.83, inatoka 12.39. Mimi hutumia hii, na hutumia kupachanisha ninapotaka kumwelewesha mtu.

Tahadhari moja: kupachanisha kunajumlisha volti na mikondo, hakujumlishi wati. Ukichukua wati za taa kwa volti 10.44 na wati zake kwa 1.96 ukazijumlisha, unapata 94. Wati halisi kwa volti 12.394 ni 128. Tafuta volti za mwisho kwanza, ndipo utafute wati.

Kanuni inayosomwa vibaya

Kanuni ya nguvu ya juu inasema mzigo hupata wati nyingi kuliko zote pale ukinzani wake unapolingana na ukinzani wa Thévenin. Ni kweli, na watu huichukua kama ushauri wa kufunga taa. Kwa waya wa zamani wa mzee, mzigo wa omu 0.27 ungepata wati 147, na wati nyingine 147 zingepasha moto waya, klipu na betri yenyewe. Nusu ya betri unaisambaza hewani. Kwenye redio na antena, ambako ishara ni ndogo na kila chembe yake inahesabika, kulinganisha ni sawa. Kwenye betri na taa, ukinzani wa njia uwe mdogo kadiri mfuko unavyoruhusu, basi.

Mahali zinapogoma

Kanuni ya Thévenin na ile ya kupachanisha zinataka kilichomo ndani ya ndoo kiwe cha mstari mnyoofu, yaani mkondo ukiwa maradufu, volti iliyopotea nayo iwe maradufu. Waya na rezista ni hivyo. Betri ni hivyo kwa kiasi cha kutosha. Taa za LED, ambazo siku hizi ndizo zinazoshika ziwa, haziko hivyo. Lakini angalia: sharti ni la upande wa chanzo. Mzigo unaweza kuwa chochote. Betri na waya vigeuze kwa Thévenin kama kawaida, kisha iache LED iwe upande wa pili na kumbuka tabia yake: yenye saketi ya kudhibiti wati, volti zikishuka huvuta mkondo zaidi, na waya mwembamba unaiumiza zaidi.

Paneli ya sola ndiyo inayowadanganya wengi. Chukua ya wati 100: bila mzigo kama volti 22, ikipigwa shoti kama ampea 6 (paneli ina kikomo cha mkondo, kwa hiyo kwake kipimo cha shoti hakina hatari ile ya betri). Ukigawa 22 kwa 6 na kuiita Thévenin, kisha ukatafuta nguvu ya juu, unapata wati 33. Paneli imeandikwa 100 na kweli jua la saa sita inazikaribia. Hesabu imekosea mara tatu kwa sababu paneli haina mstari mnyoofu: inashikilia mkondo wake karibu sawa mpaka kama volti 18, kisha inaporomoka. Kwenye volti za chini ichukulie kama chanzo cha mkondo cha Norton, na juu ya hapo soma kibandiko cha nyuma.

Kwangu sasa kila betri inayoingia hubandikwa kipande cha karatasi ya gundi chenye mambo manne: tarehe, volti bila mzigo, volti ikiwa na balbu ya wati 55 kwenye vichwa vya betri, na omu. Ikirudi baada ya miezi kadhaa, omu zikiwa zilezile natafuta waya. Zikiwa zimepanda mara nne au tano, hapo ndipo ninapomwambia mwenyewe habari ya betri mpya.